Nyumba Sita, Kuta Saba: Shajara ya Safu Moja ya Mji wa Kale

9 Januari

Tumeanza kupima leo. Safu ina nyumba sita za ghorofa moja zilizoshikana, kwenye kichochoro cha Mji wa Kale wa Mombasa kinachoteremka kutoka barabara ya Ndia Kuu kwenda Bandari ya Kale. Chini maduka, juu watu. Roshani ya mbao imetambaa mbele ya nyumba zote sita bila kukatika, na mgeni akisimama chini akatazama juu hudhani ni jumba moja refu lenye milango mingi. Tumezipa namba kutoka juu: ya kwanza ndiyo iliyo karibu na Ndia Kuu, ya sita ndiyo inayopigwa na upepo wa bahari.

Naiweka hesabu hii mwanzoni kwa sababu najua kila ugomvi utatoka humo. Nyumba sita zikijengwa mbalimbali huwa na kuta 12 za ubavuni. Hizi zina 7. Ule wa mwanzo na ule wa mwisho, kila mmoja una mwenyewe mmoja. Hizo 5 za katikati ni kuta za shirika: kila upande kuna mtu amelaza boriti zake humo, na kila mtu husema "ukuta wangu". Kuta nazo tumezipa namba, wa kwanza hadi wa saba, ili tukibishana tujue tunabishana juu ya upi.

Pesa za matengenezo ni mchango wa wenye nyumba pamoja na msaada mdogo tuliopewa kwa ajili ya mbao. Hazitoshi. Kwa hiyo mpango ni kuchora safu nzima kwanza, kisha kutengeneza kuta zilizo hoi, roshani mwisho. Wako waliotaka roshani iwe mbele, maana ndiyo inayoonekana na ndiyo watalii huipiga picha wakitoka Ngomeni, yaani Fort Jesus. Nimekataa. Roshani inabebwa na ukuta. Ukianza na roshani umetundika mbao ghali kwenye mawe yanayomomonyoka.

15 Januari

Ramani ya chini imekamilika kwa nyumba nne. Kijana wa vipimo amekuja na kifaa cha leza, mimi nina tepu na timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima. Leza ina kasi, sikatai, lakini hakuna pembe ya mraba humu ndani hata moja, na mwishowe ni timazi iliyotupa habari. Ukuta wa tano, ule ulio baina ya nyumba ya nne na ya tano, umeegemea upande wa nyumba ya nne kwa sentimita 4 kutoka sakafu ya chini hadi darini. Nimeutia alama nyekundu.

Vyumba ni virefu na vyembamba. Kutoka ukuta hadi ukuta hatujapata popote palipofika mita 3. Hakuna aliyechagua chumba chembamba kwa kupenda. Boriti ndiyo iliyoamua. Mti wa mkoko ni mgumu, mchwa hawauwezi kwa urahisi, na ukiwa mkavu hudumu kuliko aliyeulaza. Ila una ukomo wake: ukishapita mita 2.5 kukaribia 3 baina ya kuta mbili, huanza kupinda kwa uzito wa sakafu. Ukitaka upana zaidi, utie nguzo katikati au ujenge ukuta mwingine. Wazee waliongeza urefu badala ya upana, ndiyo maana nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, pamoja na tofauti zake zote, zina vyumba vyenye upana unaokaribiana. Anayetaka kuielewa safu hii aanze hapo. Kuta saba zimesimama kwa nafasi ya boriti moja moja, na mengine yote yamefuata.

Sakafu ya juu tumeipima kupitia tundu la bomba katika nyumba ya tatu: sentimita 25. Juu ya boriti kuna vipande vya mawe ya tumbawe, juu yake chokaa na kokoto vilivyopondwa kwa vipande vya mbao hadi vikashikana. Ni mzigo mkubwa. Pia ndiyo sababu chumba cha chini kina baridi saa nane mchana wakati barabara inawaka.

23 Januari

Leo tumefungua lipu. Bi mkubwa wa nyumba ya tatu ametupa ruhusa ya kipande kimoja tu, futi mbili kwa futi mbili, nyuma ya kabati lake la nguo, ghorofani, kwenye ukuta wa nne.

"Mukivunda mutaziba wenyewe," alituambia, "na rangi iwe ile ile."

Juu kulikuwa na rangi ya mafuta ya kijani. Chini yake rangi ya maji. Kisha matabaka membamba ya chokaa, moja jeupe, jingine limetiwa bluu kidogo ili weupe uzidi, tena jeupe, tena bluu. Kila moja ni Idi au arusi fulani. Kisha lipu yenyewe, ya chokaa na udongo mwekundu. Fundi aliitoa kwa patasi ndogo, polepole, hadi tukaona mawe.

Na mawe hayakuwa ya namna moja. Upande wa kushoto yamepangwa kwa utulivu, makubwa chini, madogo yamejaza nafasi, chokaa yake nyeupe. Upande wa kulia ni vifusi tu vilivyoshindiliwa, na chokaa yake ni nyekundu zaidi. Baina yao kuna mshono ulionyooka wima, unaingia patasi. Tuliomba tupandishe kidogo, tukapewa futi moja zaidi kwa mdomo mzito, na pale juu tukakuta vipande vitatu vya boriti vimelazwa kwa pamoja kubeba mawe ya juu yake.

Ni dirisha. Limezibwa, liko katikati ya ukuta ambao upande wa pili kuna kitanda cha jirani. Hakuna mtu anayejenga dirisha la kutazama ndani ya nyumba ya mwenzake, kwa hiyo wakati ukuta huu unajengwa, ng'ambo hapakuwa na nyumba. Nyumba ya tatu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na dirisha hili lilikuwa linatazama baharini.

Bi mkubwa alilitazama kwa muda, akasema, "Basi nadai upepo wangu." Jirani wa nyumba ya nne alikuwepo, akacheka, lakini si sana.

Jioni tuliingia upande wa pili, nyumba ya nne, tukafungua mahali ambapo ncha za boriti zinaingia kwenye ukuta huo huo. Boriti za nyumba ya tatu zimejengewa: mawe yamepangwa kuzizunguka, nazo zimeingia ukutani karibu sentimita 30. Za nyumba ya nne zimechomekwa kwenye matundu yaliyochongwa baadaye katika ukuta uliokwisha kusimama, na zimekalia sentimita 9 au 10 tu. Sakafu ya nyumba ya nne imebonyea upande huo tangu mwenyewe akiwa mtoto, na familia nzima imezoea kuweka kipande cha mbao chini ya miguu ya kabati. Sasa tunajua kwa nini.

29 Januari

Roshani. Tumefunga jukwaa mbele ya nyumba ya tatu na ya nne, mahali pa kukutania.

Baada ya lile dirisha nilitaka kujua kama uso huu wa mbao unaoziunganisha nyumba ulikuwepo tangu awali. Jibu liko kwenye miti inayobeba roshani. Katika nyumba ya nne, ya tano na ya sita, miti hiyo imetoka ndani ya ukuta pamoja na mawe yake. Ilikuwepo fundi alipokuwa akijenga. Katika nyumba tatu za kwanza imechomekwa kwenye matundu ya kuchongwa, na chini yake kumeongezwa mikono ya mbao iliyopinda ili isaidie kubeba. Kwa hiyo nyumba tatu za mwanzo zilikuwa na nyuso tupu za mawe na lipu, zikiwa na madirisha madogo, namna ya nyumba za Waswahili zinazoficha mambo yake ndani. Zilipoongezwa tatu za chini zikiwa na roshani, mtu, au watu walioelewana, akairefusha roshani ikapita mbele ya zile za zamani pia.

Tena sakafu za ghorofani hazilingani. Nyumba ya nne iko juu kuliko ya tatu kwa upana wa kiganja. Seremala wa zamani hakutaka ngazi katikati ya roshani, akaupindisha ukingo kidogo kidogo kuanzia nyumba ya pili, na nakshi ya chini ya paa akaikata kwa kuinamisha, hadi jicho la aliye chini halioni kitu. Tumekaa na pimamaji juu ya jukwaa tukishangaa. Mbao ni msaji, viungo ni vya ulimi na tundu, na misumari iliyomo ni ya matengenezo ya baadaye, imeshika kutu na kuipasua mbao iliyokuwa nzima.

Jambo jingine: juu ya milango ya maduka ya nyumba tatu za chini kuna vyuma vya umbo la I. Za juu hazina. Milango yake ni myembamba, na mmoja bado una mfaa wake wa katikati wenye nakshi ya maua. Chuma ndicho kilichoruhusu duka kufunguka karibu upana wote wa nyumba.

4 Februari

Siku ya makaratasi, kwa hiyo nitaandika historia kidogo.

Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilifanya Mombasa makao yake mwaka 1888, utawala wa serikali ukafuata 1895, na ujenzi wa reli ukaanza 1896. Garimoshi lilifika Kisumu 1901. Katika miaka hiyo Bandari ya Kale ndiyo iliyokuwa mlango wa kila kitu, na Ndia Kuu ndiyo iliyokuwa barabara ya watu wenye pesa. Vigari vya kusukumwa na watu vilipita kwenye vyuma vilivyolazwa barabarani. Wafanyabiashara wa Kigujarati na wa Kachi, kutoka India, walijenga namna waliyoizoea kwao: duka chini, familia juu, roshani ya kupunga upepo na kutazama barabara bila kuonekana sana. Mabati, vyuma na mbao zilizokatwa kwa mashine vilikuja kwa meli zile zile. Nyumba zetu tatu za chini ni za mkumbo huo, kwa kila dalili. Zile tatu za juu zina umri mkubwa zaidi na zilivalishwa roshani ili ziendane na biashara mpya.

Kisha serikali ikahamia Nairobi mwaka 1905, magati ya maji marefu yakajengwa Kilindini miaka ya 1920, na biashara kubwa ikaondoka huku. Majahazi yakabaki. Naliona hilo kuwa ndilo lililoiokoa safu: palipokuwa na pesa, roshani zilibomolewa.

Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na kugusa uso wa nyumba kunahitaji kibali. Michoro ya nyumba ya tatu na ya nne imepelekwa. Lamu iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, Mji Mkongwe wa Unguja 2000, Ngome yetu 2011. Mitaa iliyo nyuma ya Ngome hutajwa kama mandhari.

18 Februari

Nyumba ya pili, duka la chini. Miaka kadhaa iliyopita kuta zilipigwa lipu ya saruji hadi kimo cha mtu, kwa nia njema, ili kuzuia unyevu. Unyevu haukuzuilika. Ulipanda ghorofani, mahali ambapo haukuwahi kufika.

Fundi wetu wa chokaa ni mzee mwenye maneno machache, na hapa ametumia karibu yote: "Mwanangu, chokaa yanywa maji kisha ikayatapika. Saruji yayafungia ndani."

Ndivyo ilivyo. Ardhi ya hapa ina chumvi, na mawe ya tumbawe yana matundu. Maji hupanda ndani ya ukuta na chumvi yake. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke kwa upepo, na chumvi ikibaki juu juu huanguka na lipu, nawe unapaka upya baada ya miaka. Ukiziba kwa saruji, maji hutafuta njia ya juu zaidi, na chumvi hukauka ndani ya jiwe lenyewe ikalipasua. Tulipobandua saruji ya dukani ilitoka mabamba makubwa, na nyuma ya kila bamba jiwe lilikuwa unga. Sehemu moja niliweza kuingiza kidole hadi kifundo cha pili.

Tumeubandua ukuta wote hadi mawe na tumeuacha wazi. Kaskazi bado inavuma, kavu, na tunataka ukuta unywe upepo huo kabla ya masika. Mwenye duka hakufurahi kuuza kanga mbele ya ukuta uchi, lakini amehamishia meza mlangoni.

Chokaa imelowekwa mapipani tangu mwezi uliopita. Kwa wasioijua: jiwe la tumbawe huchomwa kwenye tanuu kwa moto wa kama nyuzi 900, hewa ya kaboni ikatoka, kinachobaki ukikimwagia maji hufoka na kuchemka chenyewe. Ukikiloweka muda mrefu kinakuwa laini cha kupakika. Kikishapakwa ukutani kinairudisha ile hewa polepole na kuwa jiwe tena. Hakuna haraka katika chokaa. Saruji ilipoenea pwani, hasa baada ya kiwanda cha Bamburi kuanza kazi miaka ya 1950, haraka hiyo ndiyo iliyowavutia mafundi, na siwalaumu. Mwenye nyumba anataka ahamie Ijumaa.

Ramadhani

Kazi ni asubuhi tu, na nyepesi. Lakini usiku baada ya tarawehe baraza ya nyumba ya kwanza hujaa, na mambo ya ukuta wa tano yamezungumzwa huko kuliko mezani kwangu.

Habari yenyewe ni hii. Nyumba ya tano ni ya mirathi. Ndugu wako Mombasa, Maskati na Uingereza. Zamani kidogo waliiondoa sakafu ya chokaa iliyokuwa imeoza, wakamwaga slabu ya zege. Slabu imekalia ukuta wa tano na wa sita. Ami wa nyumba ya nne ana ufa unaopanda kutoka mlango wa jikoni hadi darini, upande wake wa ukuta wa tano, na kwa miaka yote hiyo amesema ni slabu. Ndugu wa nyumba ya tano wanasema ufa ulikuwepo. Salamu zao ni za baridi, ingawa sahani za futari zinavuka mlango kama kawaida.

Mhandisi aliyekuja kutusaidia hakutaka kumpa mtu haki papo hapo. Amebandika vipande vyembamba vya kioo juu ya ufa, kila kimoja kimeshikwa ncha mbili kwa plasta na kuandikwa tarehe. Ukuta ukisogea, kioo hupasuka. Ukitulia, hukaa. Watoto wameambiwa wasiviguse, kwa hiyo wanavikagua kila saa.

Kwenye baraza tumefikia maneno machache, yameandikwa na maalim wa mtaa, na mashahidi wametia sahihi. Anayetaka kutoboa, kubandua au kuulalia ukuta wa shirika atamwambia jirani kabla, na wote wawili wauone ukuta ukiwa wazi. Gharama ni nusu kwa nusu, isipokuwa ithibitike uharibifu wa mmoja. Lipu ya kuta za shirika ni chokaa. Nyumba ya pili ni wakfu, kwa hiyo nakala imepelekwa kwa wasimamizi. Ndugu wa Maskati na wa Uingereza wamekubali kwa WhatsApp, kwa sauti, na mmoja kwa sauti ndefu sana.

8 Aprili

Boriti zimefika. Kuzipata imekuwa kazi kuliko kuzitia. Zamani majahazi yalishusha korja kwa korja, yaani ishirini ishirini, kutoka Lamu, na muuzaji alikuuliza unataka fito, pau, mazio, boriti au nguzo, kwa unene. Kusafirisha miti ya mikoko nje ya nchi kulipigwa marufuku mwaka 1982, na mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti misituni, mikoko nayo iliingia. Sasa hukatwa kwa leseni, na si kila wakati. Hili silipingi, mikoko ikiisha, samaki na ufuo vitafuata. Maana yake kwetu ni kwamba kila boriti nzima iliyomo ndani ya nyumba hizi haitolewi bila sababu.

Katika nyumba ya nne tumegadimu sakafu kwanza, yaani tumeitegemeza kwa nguzo za muda: gadi za mbao mbili mbili, zimekazwa kwa kabari, kila moja juu ya ubao mpana ili isitoboe sakafu ya chini. Kisha tukakagua boriti moja moja kwa kugonga. Nzima hulia, iliyooza hujibu kwa sauti ya kufa. Zilizooza zilikuwa ncha tu, ndani ya ukuta wa nne, mahali penye unyevu. Zilizokufa kabisa tumezibadilisha. Nyingine zote tumeziacha, na chini ya ncha zake tumelaza mti wa mvule kufuata ukuta, umebebwa na vikono vya chuma kisichoshika kutu. Sasa boriti zinalala juu ya mti huo, na zile sentimita 9 za ndani ya ukuta si tegemeo pekee tena. Ukuta wenyewe haukuchongwa zaidi, na dirisha la Bi mkubwa liko palepale ndani yake. Ameomba sehemu ile ya mshono isipigwe lipu, iachwe ionekane. Kabati limehamia upande mwingine.

14 Mei

Masika imekuja kwa nguvu, siku baada ya siku. Ukuta wa nyumba ya pili, uliopigwa chokaa kabla tu ya mvua, umelowa chini hadi magotini na umeishia hapo. Ghorofani kumekauka. Mwenye duka amenionyesha kwa kuupiga kofi.

Leo asubuhi kioo kimoja cha ukuta wa tano kimepasuka, kile cha chini karibu na mlango wa jikoni. Vya juu viko sawa. Mhandisi akasema, "Slabu iko juu. Kinachosogea kiko chini," akaomba jembe.

Tulichimba mguuni mwa ukuta, upande wa nyumba ya nne, chini ya bomba linaloshusha maji ya paa. Bomba linaingia ardhini vizuri kabisa, limepakwa rangi na lote. Nusu mita chini limevunjika. Maji yote ya mfereji ulio baina ya mabati ya nyumba ya nne na ya tano yamekuwa yakimwagika kwenye msingi, mvua zote hizi na za miaka ya nyuma. Msingi ni mawe na chokaa na udongo mwekundu. Udongo umeoshwa, chokaa imelainika, mawe mengine unayatoa kwa mkono. Ukuta ulikuwa unazama pembe hiyo na kuegemea kule ambako timazi ilituonyesha mwezi wa kwanza.

Na bomba ni la nyumba ya nne.

Ami alisimama juu ya shimo na mwavuli wake kwa muda. Kisha akamwita kijana wa nyumba ya tano, akamwambia, "Ndoo utizame," yaani njoo utazame. Hakusema zaidi, wala kijana hakudai zaidi. Slabu nayo haijasafishika: uzito wake umekaa ukingoni mwa ukuta, na mhandisi anaamini ufa wa juu ulianzia hapo. Ila uliotulia ni wa juu, unaokwenda ni wa chini, na fedha zetu zitaanza na unaokwenda. Bomba la muda limefungwa, linapeleka maji kwenye mtaro wa kichochoro.

11 Juni

Mvua zimepungua. Msingi wa ukuta wa tano umejengwa upya kwa vipande vifupi vifupi, mita moja kwa wakati, kusubiri chokaa ishike, kisha kuruka kipande na kufanya kingine, ili ukuta usikose pa kukalia. Vioo vipya vimebandikwa tangu bomba litengenezwe na vyote ni vizima. Gharama imegawanywa nusu kwa nusu. Ami alitaka kulipa yote, ndugu wa nyumba ya tano wakakataa, na mabishano hayo yalikuwa marefu kuliko yale ya slabu.

Kibali cha roshani kimetoka, kwa sharti la kufuata michoro: mbao zilizo nzima zibaki, mpya ziungwe kwa viungo vya zamani, rangi isibadilishwe. Seremala ameshusha mkono mmoja wa nyumba ya kwanza kuufanya kielelezo. Umechongwa kwa tezo nyuma na kwa patasi mbele. Sehemu isiyoonekana haikupotezewa muda. Nimemwomba afanye hivyo hivyo. Msaji mpya ni ghali mno, kwa hiyo vipande vinavyolowa mvua vitakuwa vya msaji na vya ndani vitakuwa mvule, jambo ambalo wawili kati ya wenye nyumba bado wanalinung'unikia.

Yaliyobaki kabla ya vuli: mfereji wa baina ya paa la nyumba ya nne na la tano upanuliwe, mabomba mengine manne yachimbuliwe yakaguliwe, saruji ya chini ya nyumba ya sita ibanduliwe, mwenyewe amekubali baada ya kuuona ukuta wa nyumba ya pili, na vyuma vya juu ya milango ya maduka vikwanguliwe kutu na kupakwa rangi. Michoro ya ukuta wa pili na wa tatu haijakamilika. Nimeomba ruhusa ya kufungua lipu futi mbili kwa futi mbili katika nyumba ya pili, upande wa ukuta wa tatu. Nimejibiwa nisubiri arusi ipite.